Mkono wa Msomaji: Zana Shirikishi za Mtandao na Maktaba ya Kiswahili, Kutoka Mabibo Hadi Mlimani

1.0 Utangulizi

Bibo ni tunda la mkorosho, mti uitwao pia mbibo, na wingi wake ni mabibo. Jina hilo linabebwa na kata moja ya jiji la Dar es Salaam, upande wa magharibi, ambako leo zimejaa nyumba, karakana, shule na masoko. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975. Ndipo ilipo Shule ya Sekondari ya Loyola, iliyofunguliwa mwaka 1995. Na ndipo lilipo soko la ndizi ambalo wakazi wenyewe wamelipa jina la Mahakama ya Ndizi. Kwa miaka mingi Mabibo ilihesabiwa kuwa kata ya Wilaya ya Kinondoni. Wilaya hiyo ilipogawanywa katikati ya miaka ya 2010, Mabibo ikaangukia upande wa Wilaya mpya ya Ubungo.

Katika historia ya taaluma nchini Tanzania, Mabibo ina sifa nyingine. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, majengo ya hosteli ya Mabibo yalikuwa makazi ya maelfu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao mabweni ya Mlimani hayakuweza kuwapokea. Vitabu vilibaki Mlimani. Wasomaji wakawa wanalala Mabibo. Kati ya kitanda na kitabu palikuwa na kilomita kadhaa, foleni ya magari na saa ya kufungwa kwa maktaba. Mwanafunzi aliyehitaji kuhakiki neno moja katika kamusi usiku ilimlazimu ama asubiri kukuche, ama aliandike jinsi alivyolikumbuka. Korosho, tofauti na mbegu nyingi, huning'inia nje ya tunda lake. Na mwanafunzi wa Mabibo alikuwa hivyo hivyo, mbegu ya chuo iliyo nje ya chuo.

Hali hiyo ndiyo iliyoyapa uzito maswali mawili. La kwanza ni la ukutubi: je, maktaba yaweza kumfuata msomaji mahali alipo? La pili ni zito zaidi: msomaji akishafikiwa kwa njia ya mtandao, ataruhusiwa kufanya nini zaidi ya kusoma? Kwa maana zana shirikishi za mtandao, yaani zile kurasa zinazompa msomaji uwezo wa kuongeza, kusahihisha, kuhoji na kujibu, zinamgeuza msomaji kuwa mmoja wa waandishi wa maktaba yenyewe.

Mara nyingi suala hili huelezwa kana kwamba ni jambo geni lililoletwa na kompyuta. Historia ya taaluma za Kiswahili haiungi mkono maelezo hayo. Mkono wa msomaji umekuwamo katika maarifa ya Kiswahili tangu zamani. Kilichotofautisha mafanikio na kushindwa, katika kila zama, hakikuwa chombo kilichotumika. Kilikuwa kuwapo au kutokuwapo kwa mlinzi anayejulikana, mwenye kuupokea mchango wa msomaji, kuuhakiki, kuujibu na kuuandika kwa jina la mwenyewe.

2.0 Kalamu ya Msomaji Kabla ya Kompyuta

Mfano wa kale ulio wazi unatoka Mombasa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, yalidumu kwa miongo mingi katika vinywa vya watu na katika karatasi za watu binafsi. Katika karne hiyo ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya na kuyafafanua kwa faida ya William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akijifunza Kiswahili cha Mombasa. Karatasi za Taylor baadaye zilihifadhiwa London, na kutokana nazo William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940 huko Johannesburg. Bila ya maelezo ya Mwalimu Sikujua, maneno mengi ya mashairi hayo yangebaki mafumbo. Hata hivyo, desturi ya maktaba ni kuuita mkusanyo kwa jina la aliyeukusanya na kuukabidhi. Hivyo msomaji wa katalogi hukutana na jina la Taylor kwanza, na jina la Sikujua hulipata baadaye, akilitafuta.

Mfano wa pili ni gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwezi Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Lilikuwa gazeti la serikali, na mipaka yake ilijulikana. Pamoja na hayo, wasomaji wake hawakuwa wasomaji tu. Walileta barua, mashairi, masahihisho na malumbano. Shairi la mtu wa Tanga liliweza kujibiwa na mtu wa bara, na jibu hilo likajibiwa tena. Shaaban Robert ni miongoni mwa washairi ambao kazi zao zilipita katika kurasa hizo. Hapana shaka kwamba gazeti lilikuwa na mhariri, na mhariri alikuwa na mkasi. Lakini mwandishi wa barua alijua barua yake inakwenda wapi, nani ataisoma, na akipata bahati, ataliona jina lake limepigwa chapa.

Mfano wa tatu ni Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa kuziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Makao yake yalihama kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa, hatimaye yakarudi Dar es Salaam ambako mwaka 1964 kazi yake ilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kamati ilikuwa na jarida lake, ambalo baada ya mabadiliko kadhaa ya jina ndilo liitwalo leo Kiswahili. Katika jarida hilo maneno yalipendekezwa, yakajadiliwa na kukataliwa. Ila mlango wa Kamati haukuwa wazi kwa wote. Waafrika, wenye lugha, hawakuingizwa kuwa wajumbe hadi miaka ya 1940. Kwa miaka zaidi ya kumi, mzungumzaji wa Kiswahili aliweza kuulizwa neno, asiweze kuliamua.

Mifano hii mitatu yatosha kuonyesha kwamba ushirikishwaji una daraja zake. Pana kuchangia bila ya jina, kama ilivyokaribia kumfika Mwalimu Sikujua. Pana kuchangia kwa jina chini ya mhariri, kama katika Mambo Leo. Na pana kushiriki katika uamuzi wenyewe, jambo ambalo Kamati ilichelewa kuliruhusu. Zana za mtandao zilipokuja zilizikuta daraja hizi zote zipo.

3.0 Maktaba na Daftari Lake

Uhuru wa Tanganyika ulikuja na ujenzi wa maktaba. Chuo Kikuu kishiriki kilifunguliwa mwaka 1961 katika Mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani pamoja na maktaba yake. Bodi ya huduma za maktaba ya taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam lilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Katika miaka hiyo hiyo, J. W. T. Allen alizunguka pwani akitafuta miswada ya tenzi iliyokuwa mikononi mwa familia, na kurekodi kanda za wasomaji wake. Matokeo ya kazi hiyo yaliwekwa katika maktaba ya Mlimani, na katalogi yake ikachapishwa Leiden mwaka 1970.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la maktaba ni katalogi, na katalogi ya kadi ilikuwa chombo cha upande mmoja. Mkutubi aliandika, msomaji akasoma. Msomaji aliyegundua kwamba utenzi fulani umeandikiwa jina lisilo sahihi, au kwamba mtunzi wake anajulikana katika ukoo fulani wa Lamu, hakuwa na mahali pa kuandika habari hiyo ndani ya daftari lenyewe. Aliweza kumwambia mkutubi kwa mdomo. Mkutubi alipostaafu, habari hiyo iliondoka naye.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za ukutubi, na miongoni mwake ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji ana kitabu chake, na maktaba ni kiumbe kinachokua. Kwa muda mrefu kukua huko kulipimwa kwa idadi ya vitabu na ukubwa wa majengo. Haikufikiriwa sana kwamba maktaba yaweza pia kukua kwa yale ambayo wasomaji wake wanayajua.

4.0 Kuja kwa Zana Shirikishi

Mwaka 1994, kabla mtandao wa intaneti haujaenea Tanzania, Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyofahamika baadaye kama Mradi wa Kamusi. Kilichoitofautisha na kamusi za kawaida ni kwamba mtumiaji aliweza kupendekeza neno, maana au mfano, na pendekezo lake likapitiwa na mhariri kabla ya kuingizwa. Kwa maneno mengine, utaratibu wa Mambo Leo ulikuwa umepata chombo kipya: barua ya msomaji ilifika kwa dakika moja badala ya wiki tatu.

Mwaka uliofuata, 1995, mtaalamu wa programu wa Marekani Ward Cunningham alitengeneza ukurasa ambao kila msomaji angeweza kuuhariri papo hapo. Aliuita wiki, neno la Kihawaii lenye maana ya haraka, alilolikumbuka kutokana na jina la basi la abiria katika uwanja wa ndege wa Honolulu. Mwaka 2001 ikaanzishwa Wikipedia, na mwaka 2003 ikafunguliwa Wikipedia ya Kiswahili. Miongoni mwa waliotia nguvu katika miaka yake ya mwanzo ni Ndesanjo Macha, mwandishi wa Kitanzania aliyekuwa akiishi Marekani, ambaye mwaka 2006 gazeti la The New York Times lilimtaja katika habari zake kuhusu ensaiklopidia za lugha za Afrika.

Mlimani nako kazi ilikuwa ikiendelea. Mwezi Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Kazi hii ilihitaji istilahi, na istilahi zilizaa mabishano yenye faida: iwe kompyuta au tarakilishi, tovuti au wavuti, faili au jalada. Aliyekaa mbele ya mashine na kubofya neno la Kiswahili kwa mara ya kwanza alikuwa pia mwamuzi, kwani neno lisilomfaa aliliacha.

Katika lugha ya wakutubi wa nchi za Magharibi, mabadiliko haya yalipewa majina. Mwaka 2004 likavuma jina la Wavuti 2.0, na mwaka 2005 mkutubi wa Marekani Michael Casey akaeneza dhana ya Maktaba 2.0, maktaba inayopokea mchango wa msomaji katika huduma zake. Nchini Tanzania, Edda Tandi Lwoga wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ni miongoni mwa waliolichunguza jambo hili kwa kulitenda. Mwaka 2014 alichapisha makala kuhusu jinsi zana hizo zilivyoingizwa katika maktaba ya chuo nchini. Umuhimu wa kazi ya namna hiyo ni kwamba iliuondoa mjadala katika sifa za mitambo na kuuweka katika kazi ya kila siku ya mkutubi.

5.0 Shindano la Mwaka 2009 na Funzo Lake

Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Hadi hapo mawasiliano ya intaneti ya nchi yalitegemea zaidi setilaiti, yakiwa ghali na ya polepole. Mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni ya Google ilitangaza shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Tanzania na Kenya, likiambatana na zawadi za kompyuta za kupakata na simu. Kwa mwanafunzi wa siku hizo, kompyuta ya kupakata haikuwa zawadi ndogo.

Matokeo yalikuwa ya namna mbili. Kwa upande mmoja, mamia ya makala yaliongezwa katika muda wa miezi michache, na wanafunzi wengi waligundua kwa mara ya kwanza kwamba ukurasa wa ensaiklopidia una kitufe kinachosema Hariri. Kwa upande mwingine, makala kadhaa yalikuwa tafsiri za haraka kutoka Kiingereza, zenye sentensi ambazo Mswahili hawezi kuzitamka bila ya kusita. Isitoshe, zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa walioandika hawakurudi. Kazi ya kusafisha waliachiwa wahariri wachache wa kujitolea waliokuwapo kabla ya shindano na waliobaki baada yake.

Yafaa kulitazama neno ambalo Wikipedia ya Kiswahili inalitumia kwa wahariri wake wenye dhamana. Wanaitwa wakabidhi. Neno hilo linatokana na kukabidhi, nalo linabeba wazo la dhamana ambayo mtu huipokea kisha huitolea hesabu. Shindano lilikuwa limeleta wageni wengi katika nyumba yenye wenyeji wachache mno. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali. Lakini methali hiyo inamhitaji mwenyeji awepo. Vyuo vilivyotoa wanafunzi havikuwa vimempa mhadhiri au mkutubi yeyote jukumu la kuwapokea wanafunzi hao baada ya zawadi. Hapakuwa na somo lililoendeleza kazi, wala alama, wala meza ya maktaba ambako mwandishi angeonyeshwa chanzo bora kuliko kile alichokifasiri.

Mradi wa Kamusi nao ulipata mtihani wa namna hiyo kwa njia nyingine. Ulikuwa na wachangiaji na ulikuwa na mhariri, ila haukuwa na nyumba ya kudumu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umeondoka Yale, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kutafuta fedha na makao. Kamati ya mwaka 1930 ilihama miji mingi, lakini kila ilipohamia ilikuwa na ofisi, katibu na jarida.

6.0 Hati Zilizo Mbali

Sehemu kubwa ya kumbukumbu andishi za Kiswahili imehifadhiwa nje ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 2000, Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika cha London, SOAS, kilitekeleza mradi wa kuorodhesha miswada yake ya Kiswahili na kuiweka katalogi mtandaoni. Mradi huo ulitegemea ujuzi wa Sheikh Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa aliyeishi London hadi kufariki kwake mwaka 2008. Huko Finland, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliongoza ujenzi wa kopasi ya matini za Kiswahili, kazi iliyokuwa na mizizi katika ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1980. Jarida la Swahili Forum, lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1994, lilikuja kusomwa bure mtandaoni.

Kwa mwanafunzi wa Mabibo jambo hili lilikuwa neema. Akiwa na intaneti, aliweza kusoma maelezo ya mswada ulio London bila ya viza wala nauli. Lakini neema hiyo ilikuwa na upande wa pili. Zana alizofunguliwa zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za kusoma. Mwanafunzi aliyelelewa Pate au Pangani, na aliyeijua familia ya mtunzi, angeweza kuona kosa katika maelezo ya mswada. Ila njia ya kulisahihisha ilikuwa ni kumwandikia barua mtu asiyemfahamu katika chuo cha ng'ambo. Sheikh Yahya alikuwa mlango ambao kupitia kwake ujuzi wa Mombasa uliingia katika daftari la London. Mlango wa namna hiyo hauwezi kuachwa utegemee maisha ya mtu mmoja.

Hapa ndipo zana shirikishi zinapokuwa na jambo la kuwafunza wakutubi wa hati za kale. Kila ukurasa wa wiki una sehemu iitwayo Historia, inayoonyesha nani aliandika nini na lini, na sehemu iitwayo Majadiliano, inayoonyesha kwa nini. Kama katalogi ya mkusanyo wa Taylor ingekuwa na sehemu hizo mbili tangu mwanzo, jina la Mwalimu Sikujua lingekuwa katika mstari wa kwanza wa Historia, na mabishano juu ya maana ya neno gumu la Muyaka yangehifadhiwa pamoja na neno lenyewe.

7.0 Usiku wa Mabibo

Katika miaka ya 2010 simu za kisasa zilibadili sura ya kusoma. Mwanafunzi wa hosteli hakulazimika tena kwenda katika kibanda cha intaneti na kulipia muda; mtandao ulikuwa mkononi mwake, ukipimwa kwa vifurushi. Majarida ya Kiswahili nayo yaliingia mtandaoni. Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha yanapatikana katika tovuti ya majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa njia hiyo, makala ambayo zamani ilikuwa katika nakala moja yenye jalada lililochakaa iliweza kusomwa na watu arobaini kwa usiku mmoja.

Hata hivyo, kufika hakukuwa kamili. Hifadhidata za majarida yanayolipiwa, ambazo maktaba za Tanzania huzichangia kupitia ushirika wao wa COTUL, kwa kawaida hufunguka kwa mtu aliye ndani ya mtandao wa chuo. Aliye nje hukuta ukurasa unaomdai fedha, isipokuwa chuo chake kimempa njia maalumu na nywila. Kwa hiyo ukuta wa zamani, ule wa kilomita na saa ya kufungwa, uliweza kujengwa upya kwa anwani za kompyuta. Wengi waliukwepa ukuta huo kwa kutumiana mafaili kwa simu, wakajenga maktaba zao zisizo na katalogi, ambamo makala hupoteza jina la mwandishi, mwaka na jarida. Mali imo, daftari halimo.

Mwaka 2017 mabweni mapya ya wanafunzi 3,840 yalifunguliwa Mlimani, na tarehe 27 Novemba 2018 ikafunguliwa maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ni jengo la kujivunia. Lakini swali la Mabibo halikujibiwa na jengo. Msomaji aliyepata kiti bado huuliza kama analolijua linaweza kuingia katika daftari.

Swali hilo limepata uzito mpya tangu kuenea kwa programu za akili mnemba katika miaka ya 2020. Programu hizo hujifunza lugha kutokana na matini zilizomo mtandaoni, na kwa Kiswahili, Wikipedia ni mojawapo ya matini hizo. Sentensi mbovu iliyoandikwa kwa haraka na kuachwa bila ya mkabidhi yaweza kumezwa na mashine, kisha ikarudishwa kwa mwanafunzi wa miaka ijayo kama mfano wa Kiswahili fasaha. Zamani kosa la katalogi lilimpotosha aliyeisoma kadi. Leo laweza kumpotosha hata yule ambaye hajawahi kuuona ukurasa wenyewe.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inakwenda kutoka kwa Mwalimu Sikujua hadi kwa mwanafunzi mwenye simu katika chumba cha Mabibo. Katika safari yote hiyo, maarifa ya Kiswahili yamejengwa na watu wengi kuliko majina yaliyoandikwa katika majalada. Gazeti, kamati, kamusi ya mtandao na wiki vimekuwa vyombo vya kupokea mikono hiyo. Vilivyodumu ni vile vilivyokuwa na mwenyeji. Vilivyofifia ni vile vilivyofungua mlango na kuwaacha wageni barazani.

Kwa hiyo kazi inayozikabili maktaba na idara za Kiswahili si ya kununua zana, kwani nyingi kati ya zana hizo ni bure. Ni ya kuteua wakabidhi. Mkutubi mmoja aliyepewa saa kadhaa za wiki kwa ajili ya kupokea masahihisho ya wasomaji juu ya katalogi ana thamani kuliko tovuti kumi zisizojibiwa. Mhadhiri mmoja anayewapa wanafunzi wake kazi ya kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kuhusu watunzi, vijiji na tenzi, akazisahihisha kama anavyosahihisha insha na kuzipa alama, hujenga kila mwaka kitu ambacho shindano la miezi michache halikuweza kukijenga. Na katalogi yoyote itakayotengenezwa kwa ajili ya miswada ya pwani haina budi kuwa na mahali pa jina la aliyesimulia, sawa na mahali pa jina la aliyekusanya.

Mabibo, Kariakoo, Temeke na Mbagala zimejaa watu wanaojua nyimbo, methali, majina ya samaki, ya mitishamba na ya vipuri vya magari, maneno ambayo bado hayajaingia katika kamusi yoyote. Wengi wao wanayo simu. Njia ya kuyafikisha maneno hayo Mlimani ipo tayari, tena haina foleni. Kinachosubiriwa ni mtu wa kukaa upande wa pili, apokee, aulize, ahakiki, kisha aandike: neno hili limeletwa na fulani wa Mabibo, mwaka fulani.